Matairi ya Gavana, Magunia ya Mama Mkwe

Ndugu yangu mwenye mke, watoto na gari moja, sogea karibu, maana ninayosimulia unayajua. Kwetu Mabanga, barabara ya kutoka Webuye kuingia Bungoma, gari ni la kila mtu aliyewahi kulipanda. Wapo waliochangia mafuta na wapo waliochangia ushauri, na hawa wa ushauri ndio wengi. Mimi ndiye ninayeliendesha, ninayeliosha na ninayelilipia bima, lakini likija suala la uamuzi naambiwa nisubiri kikao.

Gari lenyewe ni Subaru Forester, lile la miaka ya 2008 hadi 2012. Lilishukia Mombasa kutoka Japani na hadi leo halijaguswa: springi za kiwandani, shokabu za kiwandani, na matairi ya 215/65R16 jinsi kibandiko kilichoko mlango wa dereva kinavyoagiza. Logbuku ina jina la mke wangu, kwa sababu ndiye aliyechukua mkopo wa sacco. Mimi humwita Gavana. Bajeti ikifika mezani kwake hairudi ilivyokwenda.

Wengine nao uwajue mapema. Kijana wetu yuko kidato cha pili, naye tunamwita Gugo, maana hakuna swali analokubali kulilaza bila jibu. Binti yetu mdogo ni Spika: neno likisemwa jikoni Jumamosi, Jumapili lishatangazwa kanisani. Baba yangu ni Kuka Pijo, yaani Babu Pijo, jina alilopewa na wajukuu kwa kuwa enzi zake aliendesha Peugeot 504 pikapu, na hadithi zake zote huanzia na kuishia humo. Ndugu yake Gavana ni Shemeji Spana. Hana gereji, lakini spana namba 19 haitoki mfukoni mwake, hata akija msibani.

Mama mkwe simpi jina la utani. Nyumbani kwetu mila ya Wabukusu bado ipo: mimi na yeye hatushikani mikono, hatukai kiti kimoja, na akipita njia mimi nakaa pembeni. Libebe hilo kichwani, utalihitaji mbele.

Chanzo cha mambo yote haya ni mvua ya Mei. Ukitoka Mabanga kwenda ukweni kwangu unafuata lami hadi Webuye, unakata kushoto barabara ya Kitale, unapita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, na huko mbele unaacha lami ushike njia ya Saboti, chini ya Mlima Elgon. Kwenye lami Gavana hulala. Tukigusa udongo wa Saboti huamka na kushika mkanda kwa mikono miwili. Matrekta ya wakulima wa mahindi hupita njia ile wakati wa mvua na kuacha mifereji miwili mirefu, na katikati yake tuta. Magurudumu yakitumbukia mferejini, tumbo la gari linakalia tuta. Subaru husukumwa na magurudumu yote manne, lakini hapo yote manne huzunguka bure, kwa kuwa uzito uko tumboni.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi nyumbani, buti limejaa. Tulikaa. Spika akafungua dirisha akawatangazia watu wote wa shambani kwamba tumekaa. Shemeji Spana akaja na maksai wanne wa kulimia, akafunga mnyororo kwenye ndoano ya nyuma, akapiga mluzi, na gari likatoka kinyumenyume. Mama mkwe alikuwa amesimama mbali chini ya mparachichi, leso kiunoni. Akamwambia binti yake, kwa sauti iliyokusudiwa kunifikia, "Mwambie baba watoto atafute gari refu."

Ndugu yangu, neno la mama mkwe halijibiwi. Kabla hatujafika Kamukuywa lilikuwa limeshakuwa ajenda ya nyumba.

Kikao kilifanyika usiku huo huo, Shemeji Spana akiwa kwenye simu, spika ya simu ikiwa wazi katikati ya sahani za ugali. Gavana alifungua kwa kusema gari jipya halipo, mkopo wa hili haujaisha. Shemeji akasema gari jipya halihitajiki, weka matairi makubwa tu, mwezi ujao tutapita Saboti tukiwaangalia wenye Prado kwa huruma. Kuka Pijo akaomba nafasi, na Kuka Pijo akiomba nafasi chai hupoa.

Yeye alisomea kilimo cha mahindi katika chuo cha wakulima cha hapa Mabanga, lakini elimu anayoiamini ni ya Safari Rally. Mashindano yale yalianza 1953, na kwa hesabu yake hakuna maabara ya matope iliyowahi kuyazidi. Akatukumbusha Joginder Singh alivyoshinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, gari dogo la kawaida, si mnyama wa kutisha. Akatukumbusha kwamba Peugeot 504 ilishinda 1975 na tena 1978, na hapo ilibidi tumngoje ameze mate. Hoja yake ilikuwa hii: tope laini likiwa juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hulikata likashuka hadi pagumu, na tairi pana huelea juu na kuteleza. "Tafuteni urefu," akasema, "upana hautawasaidia kitu."

Nilikubaliana naye. Nilisema hivyo, na Gavana akasema nimesikika.

Gugo alikuwa tayari na daftari la hisabati. Alitusomea tairi letu kipande kwa kipande. 215 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, asilimia 65 ya huo upana. R ni namna nyuzi zilivyopangwa ndani. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha mbavu mbili na rimu, tairi letu lina kimo cha milimita 686. Akaandika saizi tatu ambazo zingeingia kwenye rimu zile zile: 215/70R16 yenye milimita 707, 225/70R16 yenye 721, na 235/70R16 yenye 735. Shemeji alishangilia ile ya mwisho kwenye simu. Karibu sentimita tano zaidi!

"Ngoja, mjomba," Gugo akasema. "Gari limekaa juu ya ekseli, na ekseli iko katikati ya tairi. Nusu ya nyongeza inaenda juu, kwenye madigadi. Chini ya gari unapata nusu tu."

Hapo ndipo penye siri ambayo wauzaji wengi hawaitaji, na ningependa kila mwenye familia aijue kabla ya kutoa pesa. Saizi ya kwanza ingetuinua sentimita moja na kitu. Ya pili, karibu mbili. Ya tatu, mbili na nusu. Na nusu ile nyingine ya nyongeza haipotei: inapanda juu na kuzunguka mle ambamo tairi hujikunja, hucheza na springi na hukutana na plastiki za madigadi. Gavana akauliza swali la maana kuliko yote ya usiku ule: tuta la Saboti lina sentimita ngapi? Hakuna aliyekuwa amelipima. Nikapendekeza 215/70R16, upana ule ule na ubavu mrefu kidogo, jinsi mzee alivyoshauri. Nikaambiwa kwa mara ya pili kwamba nimesikika.

Kilichofuata kilifanyika mimi nikiwa kazini. Shemeji Spana alipata mahali matairi ya mtumba ya 235/70R16, yamevuliwa kwenye pikapu, meno makubwa ya kila barabara, bei ya kuokota. Gavana alituma pesa kwa M-Pesa kabla mwenye mali hajabadili nia. Niliporudi jioni nilikuta gari limesimama uani na sura ngeni, na majirani wawili wakilizunguka kwa heshima. Shemeji alikuwa ameegemea boneti. Nikapewa ufunguo nilijaribu.

Nilirudi nyuma, nikakata usukani hadi mwisho ili nitokee getini. Krrrr. Nikakata upande wa pili. Krrrr. Spika akauliza gari linalia nini. Jumapili mke wa mchungaji alinipa pole, akaniuliza kama gari limepata nafuu.

Lilikuwa linakwaruza sehemu mbili. Ya kwanza, plastiki ya ndani ya madigadi, upande wa mbele. Ya pili ni mbaya zaidi: kwa ndani, kile kisahani cha chuma kinachoshikilia springi juu ya shokabu. Tairi lilikuwa limepanuka milimita 20, kumi kati ya hizo zikaingia ndani, na kimo kikaongezeka juu yake. Ubavu wa tairi ukiguswa na chuma kila kona, siku moja hupasuka, na siku hiyo watoto wako ndani. Nilipolisema hili Gavana aliacha kukuna nazi.

Kisha ikaja kesi ya speya. Chini ya sakafu ya buti kuna shimo lililochimbiwa speya nyembamba. Shemeji alikuwa amenunua matano, na hapo alifanya la busara, kwa sababu gari linalosukumwa na magurudumu yote halitaki tairi moja liwe na mzunguko tofauti na mengine. Subaru wenyewe huelekeza tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, kama milimita 6. Gugo alipiga hesabu ya tairi la zamani na hili jipya, akapata tofauti ya sentimita 15 na nusu. Ukiendesha hivyo mwendo mrefu, mitambo ya kati inayogawa nguvu mbele na nyuma huteseka hadi iungue. Kwa hiyo speya kubwa lazima iwepo. Lakini shimoni haikuingia. Sakafu ya buti ilibaki imeinuka nusu, na mwishowe tairi likapandishwa kiti cha nyuma, kati ya Gugo na Spika. Spika alilifunga mkanda.

Mezani nako hakukuwa na amani. Gavana ana daftari la mafuta, na daftari hilo halijawahi kumsamehe mtu. Wiki ile lilionyesha gari linakunywa kupita kiasi. Shemeji alidai daftari linadanganya, na kwa kweli alikuwa na nusu ya haki: tairi likiwa kubwa kwa asilimia 7, gurudumu huzunguka mara chache zaidi kwa njia ile ile, na mita ikisoma kilomita 100 umeshakwenda 107. Saa ya mwendo nayo ikisema 80, wewe uko karibu na 86. Lakini hata Gugo alipoongeza zile saba, mafuta yalibaki yamepanda. Matairi mazito huchelewa kuanza kuzunguka na huchelewa kusimama, na kila tukipanda mwinuko gia zilikuwa zinarudi chini zikilalamika. Kuhusu breki sikutaka mjadala. Gari lililobeba familia lisimame pale pale lilipokuwa linasimama jana.

Na mgongo je? Matairi yale yalitengenezwa yabebe mizigo ya pikapu, mbavu zake ngumu. Gavana alishuka sokoni Chwele akiwa ameshika kiuno. Gugo akatusimulia, bila kuombwa, kwamba tairi la upepo lilipata umaarufu kwa sababu ya mtoto: John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, alifunga mpira wenye hewa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ambayo ilikuwa inamrusharusha barabarani, akapata hataza yake 1888. Nimeipenda habari hiyo tangu siku ile. Baba mmoja alimwonea mwanawe huruma, na dunia nzima ikapata pa kukalia. Kazi ya tairi tangu mwanzo ni hewa iliyomo ndani yake na watu walioko juu yake.

Shemeji hakukata tamaa. Alikuja na msumeno wa kukata plastiki, nyundo ya kukunja bati, na spesa za mpira za kuweka juu ya springi ili gari liinuke. Gavana alisimama mlangoni na mwiko. "Gari langu halikatwi." Nilimuunga mkono kwa moyo wote, na sababu ninazo. Ukiinua gari kwa spesa, shafti zinazokwenda magurudumuni hukaa kwa pembe ambayo hazikuundiwa, mipira yake huchanika mapema, mpangilio wa magurudumu hupotea, na gari hupanda juu pamoja na uzito wake, likawa jepesi kulala kwenye kona. Aliyepanga springi zile alizipanga zote kwa pamoja. Ukihamisha moja, umezihamisha zote.

Yale matairi yakauzwa kwa jirani mwenye pikapu, aliyefurahi sana. Safari hii tulikwenda wote mjini Bungoma kununua, hata Kuka Pijo, aliyetaka tairi lililotengenezwa Nairobi. Ikabidi tumwambie kwamba kiwanda kilichotupa Firestone na baadaye Yana kilifungwa 2016. Alivua kofia. Gavana alivaa miwani akayasoma matairi ubavuni, moja baada ya jingine: 215/70R16, sawa. Namba ya uzito isiwe chini ya 98, ambayo ni kilo 750 kwa kila tairi, sawa. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka wa kutengenezwa, maana tairi likizeeka rafuni halirudi ujana. Meno ya wastani, ya lami na matope. Matano yanayofanana. Kabla hatujalipia, mafundi waliweka mawili mbele, wakakata usukani kushoto na kulia hadi mwisho, na sisi wote tukapanda ndani tukasikiliza. Kimya. Spika akatangaza kwamba gari limepona, na speya ikalala shimoni mwake ikiinua sakafu kidogo tu.

Novemba, mahindi yakiwa yamevunwa, tukaenda Saboti. Tope lilikuwepo. Magurudumu ya kushoto nikayapitisha juu ya tuta na ya kulia juu ya ukingo, mfereji mmoja ukabaki kati yake, jinsi Kuka Pijo anavyofundisha, na tukafika bila kuguswa chini. Mama mkwe aliangalia matairi kutoka mbali akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilifurahi siku ile, sikufichi.

Jioni tulipoanza kupakia, Gugo alitoa rula. Akapima kutoka ukingo wa madigadi ya nyuma hadi chini. Yakaingia magunia mawili ya mahindi, kilo 90 kila moja. Likaingia la viazi. Ukaingia mkungu wa ndizi, na kuku miguuni pa Kuka Pijo. Gugo akapima tena: nyuma ya gari imeshuka zaidi ya sentimita nne.

Tukatazamana, mimi na yeye. Matairi yametupa sentimita moja na kitu, na magunia yamechukua nne. Ile siku ya Mei hatukukalishwa na ufupi wa gari. Tulikalishwa na mahindi. Kimo cha gari la familia huamuliwa na anayekupakia, na anayetupakia sisi hajibiwi.

Gavana aliniwahi kwa macho: usithubutu kumwambia mama. Kuyatuma kwa matatu pia haiwezekani, maana itakuwa mahindi yake yametupwa stendi kwa watu asiowajua. Tukala njama na Shemeji. Gari lingetoka uani likiwa limebeba kila kitu, mama akiona. Kwenye kona, mahali asipoona, Shemeji angesubiri na mkokoteni, magunia yashuke, yavushwe tope hadi lami, yapakiwe upya. Na huko kwenye lami tuongeze upepo kama kibandiko kinavyotaka gari likijaa. Mpango ulikwenda vizuri kabisa. Hatukugusa tuta.

Safari iliyofuata, tulipokuwa tunaaga, Spika alimkumbatia nyanya yake akamwambia, "Kukhu, mahindi yako hupanda mkokoteni pale kwenye kona."

Kimya kikatanda. Gavana akaanza kutafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. Mama mkwe akafikiri kidogo, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kunifikia, "Kumbe mkokoteni upo! Basi waongezeeni gunia la tatu."

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiambiwa gari lako ni fupi, anza kwa kulipima likiwa tupu, kisha likiwa na watu na mizigo unayoibeba kweli. Chukua saizi inayopita bila kukwaruza usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, nunua matano yanayofanana, na springi waachie waliozitengeneza. Halafu mpigie shemeji mapema umuulize kama mkokoteni unabeba magunia matatu.